Feni Yavuma, Upepo Haupo

Baba hakuwahi kunilalamikia. Akiingia garini hufunga mkanda, hunyoosha kanzu, kisha kwa kidole kimoja huvisukuma vile vibao vya tundu la hewa lililo mbele yake mpaka vizibe, na kitambaa chake cheupe hukiweka puani. Safari nzima kutoka kwetu Kiembeni mpaka kisiwani Mombasa hukaa vivyo hivyo. Mimi nilichukulia kuwa ni uzee, maana wazee wengi hawaipendi baridi ya AC. Miezi ilipita kabla sijamwuliza.

"Baba, nizime?"

"La, mama, wewe endesha. Baridi haina neno. Ni hii harufu tu."

Aliyasema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Baba ana pumu. Kila Alhamisi ya pili nampeleka kliniki ya kifua. Kumbe njia nzima ya kwenda na kurudi alikuwa akijikinga na hewa ya gari la bintiye.

Gari lenyewe ni Toyota Fielder. Nililinunua likiwa limetumika Japani, kama magari mengi ya mji huu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo mengi hushuka bandarini Kilindini yakiwa na miaka 7 hivi, tayari yamewahudumia watu wengine huko yalikotoka. Siku ya kulichukua nilikagua magurudumu, nikabadilisha oili na filta yake, nikabadilisha na ile filta ya hewa ya injini. Nikajiona nimemaliza. Kwamba kuna filta nyingine, ya hewa tunayovuta sisi tulio ndani, aliyeniuzia hakusema, fundi hakusema, na mimi sikujua kuwa kuna la kuuliza.

Kaskazi ya mwaka ule ilikuwa kali, na barabara ya Malindi ilikuwa inapanuliwa. Anayeishi upande wetu anakumbuka lile vumbi jeupe la mawe ya matumbawe, jinsi lilivyotanda juu ya mibuyu na vibanda mpaka mchana ukaonekana kama una ukungu. Kufungua vioo ilikuwa haiwezekani, hasa na mzee kando. Tukafunga, tukawasha AC, na AC ikawa kila wiki inadhoofika. Niliipandisha kutoka mbili hadi tatu, kutoka tatu hadi nne. Feni ilivuma kwelikweli. Usoni upepo haukufika.

Nikaenda gereji. Fundi alisikiliza dakika moja akasema gesi imekwisha. Nikalipa shilingi 3,000, gesi ikatiwa. Labda ni moyo wangu tu, lakini siku mbili tatu nilihisi nafuu, kisha hali ikarudi pale pale. Nikarudi, gesi tena, shilingi 3,000 tena. Mara ya tatu nilikwenda kwa fundi mwingine, naye akasema aliyetangulia alitia gesi mbovu. Jumla shilingi 9,000, ndani ya miezi miwili, na mzee bado ameziba tundu na kitambaa kiko puani.

Harufu nayo ilikuwa imeanza kunifikia hata mimi. Ilikuwa mithili ya leso iliyokunjwa mbichi ikasahauliwa kabatini. Tukafanya wanavyofanya watu wengi wa Mombasa: tukafukiza udi garini, milango imefungwa, Ijumaa baada ya Ijumaa. Baba anaupenda udi mno, lakini moshi wa udi kwa mtu wa pumu si dawa, na harufu ile haikutoka. Ilivaa udi juu yake tu.

Masika yalipoingia ndipo nilipoogopa hasa. Tulikuwa tunarudi kutoka kliniki, mvua ikatukuta juu ya daraja la Nyali, mvua ile ya Mei ambayo waipa haziiwezi. Kioo cha mbele kikapata mvuke kwa ndani. Nikabonyeza kitufe cha kuelekeza upepo kiooni, feni namba nne. Kioo hakikusafika. Kushoto kwangu matatu, nyuma lori, na mimi naona mataa mekundu yanaelea kama yamo ndani ya maziwa. Baba akatoa kile kitambaa puani, akajinyoosha, akanifutia kioo upande wangu kwa mkono unaotetemeka, tena na tena, huku akisoma dua kwa sauti ndogo. Tulivuka hivyo. Nilipofika upande wa pili niliegesha kando nikakaa mpaka magoti yakatulia.

Fundi wa tatu aliposikia habari hiyo alisema ni feni yenyewe inakufa. Ishushwe dashibodi yote, itafutwe feni iliyotumika, shilingi 18,000 pamoja na ufundi. Nilimwambia nitarudi.

Sikurudi, kwa sababu ya dereva mmoja wa teksi. Ilikuwa Alhamisi, nje ya kliniki, Baba yuko ndani anasubiri zamu. Nimekaa garini milango wazi, AC inavuma, na yule bwana ameegesha ubavuni mwangu. Alitega sikio, akashuka.

"Samahani, dada yangu. Hiyo feni umeiweka namba ngapi?"

"Nne."

Akaniomba ruhusa, akaingiza mkono, akauweka mbele ya tundu la hewa. Akaniambia niishushe moja, mbili, kisha nne tena.

"Sikiliza wewe mwenyewe. Feni yavuma, upepo haupo. Na huu kidogo unaotoka, si baridi?"

Nikaweka mkono. Kweli ulikuwa baridi, baridi nzuri, ila mwembamba kama pumzi ya mtu aliyelala.

"Basi gesi unayo. Gesi ikipungua upepo huja mwingi lakini wa moto. Wako ni wa baridi lakini hautoki. Gari limeziba pua. Filta ya kebini ulibadilisha lini?"

Nikamwuliza filta ya kebini ni nini. Hakucheka. Alinifungulia kisanduku cha dashibodi cha gari lake, akanionyesha kwa kidole ilipo, nyuma kabisa. Laiti ningelikutana na maneno yake yale, upepo mwingi wa moto, upepo haba wa baridi, kabla ya kutoa shilingi ya kwanza. Kila mwenye gari nimemwambia tangu siku hiyo: kabla hujaenda popote, weka mkono kwenye tundu la hewa ujiulize kilichopungua ni baridi au ni upepo. Ni maradhi mawili tofauti, hayana dawa moja.

Gesi ya AC hailiwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa inaikandamiza, kandensa iliyo mbele ya rejeta inaipoza, kisha inaingia ndani ya dashibodi kufanya baridi na kurudi ilikotoka. Ikiwa imepungua, kuna pahali inavuja, na kuiongeza kila mara bila kulitafuta tundu ni kutia maji kwenye pakacha. Ikizidi nayo ni mzigo kwa kompresa. Kwa hiyo mara tatu nilitiwa kitu ambacho gari halikukihitaji.

Hewa yenyewe ina njia yake. Inaingilia chini ya kioo cha mbele, pale penye wavu wa plastiki karibu na waipa. Ukibonyeza kitufe chenye mshale unaojipinda, mlango wa nje unafungwa na hewa ya ndani ndiyo inayozungushwa. Katika gari langu hewa zote mbili hupita kwenye filta kwanza, ndipo zifike kwenye feni, na feni izisukume kwenye evaporeta, kidude mfano wa rejeta ndogo ambacho ni baridi na chenye maji muda wote AC inapofanya kazi. Maji hayo ndiyo yanayodondoka chini ya gari ukiegesha. Filta ikiziba, kila kilicho mbele yake kinakosa pumzi: uso wako, kifua cha babako, na kioo siku ya mvua.

Jumamosi iliyofuata, baada ya mahamri na mbaazi, nilianza kazi. Vifaa vilikuwa tochi, gazeti, kitambaa na brashi ya rangi isiyotumika. Gari kama langu halihitaji hata bisibisi. Baba alileta kiti chake cha plastiki akakiweka penye mlango wa kushoto, upande anaokaa yeye kila siku, maana magari yetu yana usukani kulia na kisanduku cha dashibodi kiko mbele ya abiria. Nilizima gari, nikachomoa ufunguo nikampa yeye.

"Huu usiutoe mkononi mpaka nikuombe, Baba. Nitatia vidole karibu na feni."

Akauweka ndani ya kiganja akakifumba. Saa nzima sikukiona kimefunguka.

Kwanza niliondoa kila kilichokuwamo kisandukuni: karatasi za bima, risiti za petroli, inhela mbili zilizokwisha, chupa ndogo ya mafuta ya karafuu. Pembeni mwa kisanduku kuna kijimkono cha plastiki kinachokizuia kisianguke kwa kishindo. Hicho hutoka kwa kusukumwa kando kwenye kipini chake, na ukikivuta kwa nguvu utakivunja. Halafu unazibana kuta mbili za kisanduku kuelekea ndani, kwa mikono miwili, kama unavyobana mashavu ya mtoto, mpaka vile vizuizi vya juu vipite. Plastiki italia. Mara ya kwanza nilisita, nikahisi naharibu gari. Nikabana tena, kisanduku kikashuka chote kikaning'inia.

Nyuma yake palikuwa na kifuniko chembamba cha mlalo chenye vibano viwili ubavuni. Nikavibonyeza, kikatoka, na hapo ndipo nikaiona kingo ya filta.

Nilikosea hapo. Kwa pupa niliishika ncha moja nikaivuta huku imeinama, na uchafu wote uliokaa juu yake ukaporomoka ndani, kwenye feni, ambayo iko chini ya filta. Nilisikia kabisa unavyoanguka, chakarachakara. Filta ya namna hii inatakiwa kuvutwa polepole, imelala sawa, kama mtu anayetoa sinia ya maandazi motoni.

Tukaitandaza juu ya gazeti. Mikunjo ilikuwa imejaa hata haikuonekana kuwa ni mikunjo. Ilikuwa kama kipande cha godoro kuukuu, kijivu juu, cheusi ndani. Tulitoa vijani vya mwarobaini, bawa la kumbikumbi, manyoya mepesi ya ndege, na majani ya mvinje mengi sana, kwa kuwa kazini kwangu Shanzu huegesha chini ya mivinje kutafuta kivuli. Yale majani membamba kama sindano hupenya kwenye wavu ulio chini ya kioo bila taabu. Ubavuni mwa fremu, chini ya vumbi, palikuwa na maandishi ya Kijapani. Filta ilikuja na gari. Tulikuwa tunavuta pumzi kupitia kitambaa kilichoanza kuchafuka upande wa pili wa bahari, mikononi mwa watu tusiowajua.

Baba alifanya kazi Kilindini enzi za magunia, na vumbi analijua kwa vidole. Alichota kidogo akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Hili lililo juu ni mchanga. Linakwaruza. Sasa shika hili la chini."

Nikashika. Halikukwaruza hata kidogo. Lilikuwa laini, likapaka mstari mweusi kidoleni, na nilipojaribu kulifuta likatanda zaidi.

"Hayo ni masizi," akasema. "Moshi wa malori. Mchanga utaupiga chafya, utatoka. Masizi huingia yakakaa."

Alikitazama kidole chake muda mrefu. Mimi nilimtazama yeye. Kisha akaokota jani moja la mvinje, akalikata kwenye kifundo, akalichomeka tena, akanipa nitafute lilipokatwa. Ndivyo alivyokuwa akinichezesha nikiwa mdogo, tukienda pwani Jumapili. Sikulipata.

Nilikuwa tayari na filta mpya, nimeagiza kwa simu kwa kutaja jina la gari na mwaka. Haikuingia. Urefu ulikuwa sawa, upana ukapungua kama unene wa kidole, na filta ikicheza ndani ya mfuko wake hewa haitapita kwenye karatasi, itapita pembeni, kwenye uwazi. Kazi ikasimama. Nikafunga ile kuukuu kwa gazeti, nikapanda tuktuk mpaka stejini, kutoka hapo matatu mpaka mjini, mpaka duka la spea upande wa Sabasaba. Muuzaji aliipima ya zamani juu ya mpya, ncha kwa ncha, akanionyesha namba pembeni. Toyota huzipa filta hizi namba inayoanza na 87139, na tarakimu au herufi tano zinazofuata ndizo zinazotenga moja na nyingine. Piga picha namba hiyo kabla hujatoka nyumbani, au beba filta yenyewe hata kama inanuka. Jina la gari peke yake halitoshi.

Aliniwekea mbili mezani. Moja nyeupe ya shilingi 700, nyingine ya kijivu yenye mkaa, yaani kaboni, ya shilingi 1,300. Nyeupe hukamata vumbi, chavua na majani. Ile ya kaboni hukamata hayo na pia hupunguza harufu na baadhi ya mivuke ya moshi, mpaka mkaa wake ushibe. Kwa anayekaa nyuma ya malori kila siku, na aliye na mgonjwa wa kifua, naona tofauti ile ya shilingi 600 ina maana. Kwa asiyekuwa nayo, nyeupe iliyo mpya ni bora mara nyingi kuliko ya kaboni iliyochakaa. Ninachomsihi mtu asinunue ni ile ya bei ya kutupwa yenye mikunjo michache, iliyotawanyika, na fremu laini inayopinda ukiishika kwa mkono mmoja. Hiyo itakaa mwezi, kisha italegea katikati na vumbi litapita.

Niliporudi, Baba yuko pale pale kitini, ufunguo kiganjani. Tulianza na feni. Nilimulika tochi kupitia ule mfuko wa filta nikaiona chini, duara lenye mapezi mengi membamba, na majani ya mvinje yamenasa katikati yake. Kuyaacha humo ni kusikia tek tek tek kila ukiwasha, na jani likikaa vibaya huzuia feni kuzunguka sawasawa. Vidole vyangu havikufika. Mama alituma chelewa moja ya fagio, nikaizungushia selotepu ncha yake, upande wa gundi nje, nikawa nagusa jani moja moja na kulinyanyua. Kumi na saba tuliyatoa, Baba akiyahesabu. Mfuko nikaufuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, nikauacha ukauke.

Kisha mshale. Watu wengi wanakosea hapa, na mimi nilikaribia. Filta ya zamani ilikuwa na mshale ulioandikwa UP, na ule unaelekeza upande utakaotazama juu. Mpya ilikuwa na mshale ulioandikwa AIR FLOW, na huo ni mwendo wa hewa. Katika gari langu hewa inashuka kutoka juu kuelekea kwenye feni iliyo chini, kwa hiyo mshale wa AIR FLOW unatazama sakafu. Ningeifananisha na ya zamani, mshale kwa mshale bila kusoma, ningeipindua. Filta iliyopinduliwa hupitisha hewa, lakini mikunjo yake haikutengenezwa kusukumwa kutoka upande huo, na uchafu hukaa mahali pasipotakiwa. Soma neno lililo kando ya mshale, kisha jiulize feni iko wapi.

Ikaingia kwa ulaini, ikakaa bila kucheza. Kifuniko kikalia kwa vibano vyake viwili, kisanduku kikapanda, kijimkono kikarudi kwenye kipini. Nikamwomba Baba ufunguo. Nikawasha, nikaweka feni namba mbili tu, na vile vibao vya upande wake, alivyovifunga yeye mwenyewe, vikapiga mluzi kwa nguvu ya hewa iliyo nyuma yake. Akanyoosha kidole akavifungua. Upepo ukamrusha kofia nyuma kidogo. Akafumba macho.

"Alhamdulillahi," akasema, na kwa muda hakusema lingine.

Sitaki nimdanganye mtu kwamba filta ilitibu pumu. Baba bado anatumia inhela zake, bado anakwenda kliniki, na usiku wa baridi ya kusi bado kifua humbana. Kilichobadilika ni kwamba safari yenyewe haimchokozi tena. Anafika akiwa anaongea. Na harufu haikutoka siku moja, kwa sababu evaporeta iliyokaa mbichi chini ya uchafu miezi mingi ilikwisha ota kuvu. Tumeacha udi garini. Dakika tano kabla ya kufika nyumbani nazima kitufe cha AC na kuiacha feni ivume peke yake ili ile evaporeta ikauke, maana joto na unyevu wa mji wetu havingoji mwaliko. Naangalia pia kama maji yanadondoka chini nikiegesha, kwa kuwa yasipodondoka basi mrija umeziba na yanakaa ndani. Baada ya majuma matatu hivi harufu iliisha kabisa.

Jirani yetu aliposikia alileta Probox yake. Tulifungua kifuniko, tukakuta mfuko mtupu. Fundi fulani aliwahi kuitoa filta iliyochafuka, akaona upepo umerudi, akamwambia mwenyewe haina kazi. Upepo ulirudi kweli, kwa muda. Lakini vumbi lililokuwa likikamatwa na karatasi ya shilingi 700 likaenda kunasa kwenye evaporeta yenye maji, likawa tope, tope likakauka likawa kama blanketi. Kumwoshea ile ilibidi dashibodi ishushwe, gharama ambayo mimi niliponea chupuchupu. Mwingine wa mtaa wetu aliiosha filta yake kwa sabuni akaianika ukutani. Hizi za karatasi na nyuzi haziogeshwi. Nyingi hukamata vumbi laini kwa chaji ya umeme tulivu iliyo kwenye nyuzi, na maji huiondoa, mikunjo hulala, na ikirudishwa na unyevunyevu ni shamba la kuvu. Kuikung'uta nje, kuiondolea majani, hilo sawa, la kukusogeza wiki mbili mpaka upate fedha.

Nilirudi kwa yule fundi wa kwanza pia. Sikwenda kugombana, nilitaka ajue. Nilimwekea ile filta kuukuu mezani. Aliigeuzageuza, akaniambia kwa ukweli kwamba mteja akisema AC haina nguvu, yeye mwenyewe hutangulia kutaja gesi, na ukimwambia lingine huhisi unamchelewesha. Nikaona ana hoja. Gesi niliikubali mara tatu bila swali. Sasa gari likiingia kwake kwa shida hiyo hufungua kisanduku kwanza. Nimemwona akifanya hivyo kwa gari la mtu mwingine, hakujua kuwa nipo.

Watengenezaji wengi hutaja kilomita 15,000 hadi 20,000, au mwaka mmoja, na husema mapema zaidi penye vumbi. Kwetu ni penye vumbi. Kila ninapomwaga oili natoa na filta niitazame, na nimeona ikifika kilomita 10,000 tayari imekuwa kijivu kisichofaa kwa mzee. Ikibadilishwa mara mbili kwa mwaka, hata ile ya kaboni, haifiki gharama ya gesi mara moja.

Iliyomo garini sasa ni ya tatu. Kabla ya kuiingiza nampa Baba kalamu ya wino mzito, anaandika ubavuni mwa fremu tarehe na kilomita, kwa hati yake ile ya zamani ya kuandikia juu ya magunia. Wiki iliyopita tukiwa juu ya daraja la Nyali mvua ilitukamata tena. Kioo kilipata mvuke, nikageuza upepo, kikasafika kuanzia chini kwenda juu kabla hatujafika katikati ya daraja. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa juu ya paja lake.